Siku Kelele Ilipojieleza Yenyewe

Mimi kazi yangu ni vyombo vya sauti. Nakaa nyuma ya mixa, ile mashine ya kupandisha na kushusha sauti, wengine wanaongea mbele, na msemaji atakayepotea namjua kabla hajafika kwenye "mabibi na mabwana". Namjua kwa namna anavyopokea maiki.

Huyu kijana aliipokea kwa kuipiga kofi.

Lilikuwa shindano la wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja huku Buguruni, ambacho sikitaji jina kwa sababu hela yangu ya mwisho bado wanayo. Kila kundi dakika 7. Kundi lao lilipangiwa mada ya misingi ya mawasiliano ya mdomo, yaani kijana alikuwa anapanda jukwaani kutufundisha sisi kuongea. Suti nyeusi, tai nyekundu, mwezi wa tatu, ukumbi wa bati. Feni zipo mbili, moja inazunguka kwa imani tu.

Baada ya kofi akaipuliza. Fuuu, fuuu. Jamani, maiki haijaribiwi hivyo. Ndani mna utando mwembamba unaotikiswa na sauti, na upepo ule wa mdomo unakwenda kuutandika. Ukitaka kuijaribu, sema sentensi yako ya kwanza kwa sauti ileile utakayotumia, fundi apime. Nikampungia mkono aache. Naye akanipungia, kwa heshima kabisa: "Shikamoo fundi!"

Kisha akaishika kama wasanii wanavyoishika kwenye video, kiganja kimefunika kichwa chote. Ile mianya ya nyuma ya wavu ndiyo inayoikinga maiki isidake sauti za pembeni na za nyuma. Ukiiziba, inasikia kila upande, spika ikiwemo. Na kijana akashuka ngazi, akaja kusimama mbele ya spika, maana alifundishwa kuwa msemaji mzuri anawasogelea wasikilizaji. Sauti ikatoka kwenye spika, ikaingia kwenye maiki, ikakuzwa, ikatoka tena kubwa zaidi. Mzunguko huo ukianza hausubiri.

"Kelele," akasema, "ni kitu chochote kinachozuia ujumbe kumfikia mpoke—"

WIIIIIIII!

Nakuapia sikupanga. Bibi mmoja aliyekuja kumwona mjukuu wake akaziba masikio kwa khanga. Nikashusha sauti haraka, ukumbi ukaangua kicheko, na hapo ndipo mambo yalipoharibika hasa. Kijana alishasoma kwamba mrejesho ni muhimu, kwamba msikilizaji akicheka basi ujumbe umeingia. Akatabasamu, akainamisha kichwa kidogo kutushukuru, akaongeza mwendo.

Na mwendo ulikuwa tayari ni wa hatari. Hesabu ya hotuba haina uchawi: mtu anayeongea akaeleweka hutoa maneno kama 120 hadi 150 kwa dakika. Dakika 7 ni maneno 900 hivi, na ukiacha nafasi ya kupumua, kuchekesha na kusubiri honi za nje zipite, andika 750 tu. Yeye alikuja na karatasi nne zilizochapwa kwa kubana, ambazo kwa makisio yangu ni maneno 2,000. Kuyamaliza ilibidi aende 280 kwa dakika. Hapumui, anameza. Nikasikia "Claude Shannon mwaka 1948 mtumaji ujumbe njia mpokeaji" vyote vimeshikana, kama mtu anayesoma masharti ya bahati nasibu redioni. Nje ya dirisha kulikuwa na konda anaita "Kariakoo, Kariakoo, wawili wakae!" na nusu ya ukumbi ilimwelewa konda. Maneno machache, anayarudia, anatazama nani ameinua mkono.

Slaidi nazo zilikuwa nakala ya zile karatasi, herufi za ukubwa wa sisimizi. Kwa hiyo akageuka kuusomea ukuta. Ukiwapa watu mgongo unapoteza vitu viwili kwa mpigo: sauti inakwenda ukutani, na uso wao huuoni. Yeye hakuona kwamba jaji wa kushoto, mzee mwenye miwani, alikuwa amelala na kalamu mkononi.

Jaji wa katikati, mhadhiri wa kike, yeye alikuwa macho. Iliposomwa ile slaidi inayodai kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti 38 na mwili 55, akatikisa kichwa. Nimekaa kwenye mashindano ya kutosha kujua kwa nini. Namba hizo zinatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, na zilihusu hisia tu, pale ambapo maneno yanasema hili na uso unasema lile. Hazina maana kwamba asilimia 93 ya somo la hesabu inaeleweka kwa mikono. Ingekuwa hivyo, kijana asingehitaji karatasi nne.

Mtunza muda akainua vidole viwili, yaani zimebaki dakika mbili. Ishara ambayo hamkukubaliana kabla kila mtu ataisoma kwa kamusi yake, na vidole viwili nchi hii vina wenyewe. Kijana alipogeuka na kuviona, akadhani anashangiliwa. Akainua vyake. Vijana wa nyuma wakasimama, wakainua vyao, mmoja akapiga mbinja. Mshereheshaji akakimbilia mbele kuomba tafadhali, hapa hatufanyi siasa.

Hapo hapo umeme ukakatika. Projekta kwisha, maiki kwisha, na mvua nayo ikaona huo ndio wakati wake wa kupiga bati.

Kijana akaganda. Karatasi anazo, lakini gizani utasoma nini? Akabaki ameshika maiki iliyokufa, anaifunguafungua midomo kama samaki wa Feri. Ndipo binti mmoja wa kundi lao, mfupi, kandambili mguuni, akasogea hadi katikati ya ukumbi. Hakupayuka. Akasubiri mvua ipunguze, akajaza hewa tumboni, akauliza: "Huko nyuma mnanisikia?" Wakajibu hapana. Akasogea tena hatua tatu. "Sasa?" Ndiyo. Akaeleza mada nzima kwa sentensi fupi, akatua baada ya kila moja, akamuuliza yule bibi wa khanga arudie alichosikia, na bibi akarudia. Kijana wetu akaenda kukaa kwenye kiti, kimyakimya, karibu na rafiki yake. Na maiki yangu.

Umeme uliporudi nikafuata utaratibu: mixa kwanza, amplifaya mwisho, sauti inapandishwa polepole. Mshereheshaji akaninyooshea dole gumba juu. Kwetu mafundi hiyo maana yake "pandisha", na nilidhani maiki anayo yeye. Kumbe alikuwa anampongeza binti.

Nikapandisha.

"Oya," spika zote nne zikasema, taratibu, kwa sauti tulivu, "yule mzee mwenye miwani... amelala tangu saa nne. Na mate yanamtoka."

Umbali vidole vinne kutoka mdomoni, kasi safi, kituo mahali pake, hakuna herufi iliyomezwa. Hata bibi wa khanga aligeuka kutazama.

Mzee akaamka, akapangusa kidevu, akavaa miwani vizuri. Akavuta karatasi ya alama, na kwenye mstari wa "uwazi wa sauti", mbele ya jina la kijana, akaandika 9 kwa 10. Kisha akahamia mstari wa "adabu jukwaani", akakaza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.