Kichwa kinachoanza ukipanda mlima na kutulia ukikaa, tusikimalize kwa panadol

Juzi kwenye msiba hapa Mwanga, Kigoma, watu walibishana sana, kijana mmoja alisema kichwa kuuma kinaweza kuwa dalili ya shambulio la moyo, dokta mmoja mtu mzima tunayemheshimu akamkata hapohapo, akasema acheni kutishana, moyo unauma kifuani, mtajaza watu hospitali bure. Watu wakacheka, kijana akanyamaza. Mimi nimerudi nyumbani bado nawaza, maana dokta ana hoja lakini yule kijana hakusema uongo.

Ya dokta ni ya kweli. Kigoma hii kichwa kikiuma watu wanafikiria malaria kwanza, na wana sababu, kama sio malaria ni jua, ni presha, ni mtu hajanywa maji tangu asubuhi. Kichwa kinachotoka kwenye moyo ni kitu adimu, wataalamu wenyewe wanasema hivyo. Halafu kuna hili ambalo hata mimi naliogopa: mtu akishasikia kichwa ni moyo atakimbilia kutafuna asipirini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, sasa kama kichwa kimempiga ghafla kwa sababu mshipa umepasuka kwenye ubongo, asipirini inamzidishia kuvuja damu. Hapo simpingi kabisa.

Ila hali yenyewe ipo jamani. Mwaka 1997 daktari wa neva Richard Lipton na wenzake kule Marekani waliieleza na kuipa jina, cardiac cephalgia, yaani kichwa cha moyo, na tangu 2004 imo kwenye mpangilio wa kimataifa wa aina za maumivu ya kichwa. Dalili yake ina mtindo wake: kichwa kinaanza ukifanya kazi nzito au ukipanda mlima, ukipumzika kinatulia, na mgonjwa akipewa nitrogliserini, ile dawa ya kulegeza mishipa ya damu, kinaisha, wakati dawa hiyohiyo kwa watu wengi ndiyo inayowaletea kichwa! Maelezo mojawapo ni kwamba taarifa za maumivu kutoka moyoni zinakutana njiani na zile za kichwa na uso, ubongo unakosea zimetoka wapi. Mbona mkono wa kushoto ukiuma, au taya, tunakubali ni moyo?

Sasa kuna takwimu moja haitoki akilini mwangu. Mwaka 2000 ulitoka utafiti wa hospitali za Marekani, wagonjwa 434,877 wa shambulio la moyo, na kati yao 142,445 walifika hospitali bila maumivu ya kifua. Asilimia 33. Ni kama mmoja kwa kila watatu, na huko mashine zipo za kutosha. Hao wasiouma kifua walichelewa kufika, wastani wa saa 7.9 wakati wenzao ni saa 5.3, walipofika wakapata matibabu pungufu, na waliokufa hospitalini ni asilimia 23 wakati wenye maumivu ya kifua ni 9. Najua mtu atasema wengi wao walikuwa wazee, wanawake, na watu wa sukari, hivyo hali zao zilikuwa ngumu tangu mwanzo, na ni kweli, na tena takwimu hiyo haisemi wote waliumwa kichwa, wengine ilikuwa kukosa pumzi, kichefuchefu, kuishiwa nguvu. Lakini ebu angalia ni akina nani hao: bibi zetu, mama zetu, mtu wa sukari ambaye neva zake zimeshapungua kuhisi. Tukishawaambia moyo unauma kifuani tu, tumewatoa wao kwenye hesabu.

Shangazi yangu anauza dagaa, anachukua mwaloni Kibirizi asubuhi na kupanda nao huku juu. Ana sukari miaka mingi. Alianza kulalamika kichwa, akapimwa malaria mara tatu hana, duka la dawa wakampa panadol, baadae diklofenaki, na diklofenaki inajulikana inaongeza hatari kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo. Dawa za kipanda uso kama ergotamini ndo mbaya zaidi maana zinabana mishipa, kwa bahati hakupewa. Alichokuwa anasema kila siku ni kile kile, "mwanangu kinaanza nikifika katikati ya mlima, nikitua ndoo nikakaa kinaacha", na mimi mwenyewe nilikuwa namjibu apumzike tu, ni uchovu. Kichwa cha malaria hakijui mlima uko wapi, sikulifikiria hilo.

Kwa hiyo sisemi kila kichwa kikimbizwe kupimwa moyo, na asipirini mtu asijipe mwenyewe kwa ajili ya kichwa. Nasema mtu mzima, hasa mwenye sukari au presha au anayevuta sigara, akija na kichwa kipya aulizwe maswali mawili, kinaanza ukiwa unafanya nini, na kinaacha ukifanya nini. Na akiwa anatoka jasho la baridi au pumzi inakata, aende hospitali muda huohuo. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ni dakika chache tu.

Shangazi alikuja kupimwa ECG siku alipoishiwa pumzi. Tatizo likaonekana ni moyo, sasa hivi yuko kwenye dawa, dagaa anapandishiwa na bodaboda. Nilichungulia daftari lake la zahanati, kurasa zote za nyuma limeandikwa neno moja tu, kichwa, mlima hakuna aliyeuandika.