Mpinzani wa Umbali wa Mkono

Kuna jambo dogo linalonifurahisha kila ninapoliona kwenye kumbi za gemu hapa Tokyo, na papo hapo linaniuma nikikumbuka nyumbani. Mtu anafungwa mbili bila kwenye Street Fighter, gemu ya kupigana, anachomoa waya wa padi yake ya kuchezea, na kabla hajainuka anamgeukia aliyemfunga: "Lile pigo la tatu pale kwenye kona, ningelijibu na nini?" Na yule anamwambia. Anamwonyesha fremu ngapi, yaani picha moja moja za gemu, zilibaki wazi, kitufe kipi kingewahi, na yeye mwenyewe alijuaje kwamba mwenzake angeruka. Dakika mbili zinatosha, kisha kila mmoja anakwenda kwenye mechi yake inayofuata.

Nyumbani ukimuuliza aliyekufunga swali hilo anacheka, au anakwambia "jifunze". Mnalijua hilo vizuri, sina haja ya kulieleza.

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaotaka kuwa wachezaji wa kulipwa wa gemu za kupigana ni moja: Wajapani wana nini? Wanatumia padi gani? Intaneti yao ni kasi gani? Jibu langu huwa haliwapendezi. Wana wapinzani wakali waliokaa kwenye kiti cha pili. Hayo mengine yote yananunulika au yanasubirika, lakini hilo ukilikosa, hufiki.

Wakongwe wa Japani walikulia kwenye mashine zilizopangwa mgongo kwa mgongo. Unaweka sarafu ya yeni 100, unapambana na mtu aliye upande wa pili, ukifungwa unampisha anayesubiri. Daigo Umehara, mkongwe maarufu wa Street Fighter aliyezaliwa 1981, ametoka huko. Video yake ya Evo 2004, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, kila mtu nyumbani ameiona: Ken, mhusika wa Daigo, ana damu ya kufa kwa pigo moja, Justin Wong anafyatua mateke mfululizo ya Chun-Li, na Daigo anayapangua yote kumi na tano kisha anamaliza raundi. Tunaishangilia kama muujiza wa vidole. Vidole vinazoezeka. Kigumu pale ni kwamba teke la kwanza huwezi kungoja ulione ndipo ulipangue, lazima ujue linakuja. Kujua huko kunatokana na maelfu ya raundi dhidi ya watu walio mbele yako, bila kuchelewa hata kidogo.

Hapa ndipo hesabu inapoanza, na naomba mnivumilie maana ndilo jambo lenyewe. Gemu hizi zinakwenda fremu 60 kwa sekunde, yaani fremu moja ni kama milisekunde 16.7. Ndani ya nyaya za kioo za intaneti mwanga husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za waya zinakula milisekunde 10 kwenda na kurudi, na hapo hujaweka mitambo ya njiani. Ukiwa kwetu ukacheza na mtu wa Ulaya, milisekunde 150 ni siku nzuri.

Mifumo ya mtandao ya siku hizi inaficha tatizo kwa akili sana. Mashine yako haimngoji mpinzani. Inakisia kwamba anaendelea kubonyeza alichokuwa anabonyeza, inakuonyesha hivyo, na taarifa ya kweli ikifika na kukuta imekosea, inarudi nyuma na kusahihisha picha. Ndiyo maana unamwona mtu amesimama, mara mkono wake uko usoni kwako tayari. Fremu za mwanzo za pigo hukuzipata kabisa.

Sasa chukua Drive Impact, lile pigo zito la polepole la Street Fighter 6. Inachukua fremu 26 mpaka igonge. Binadamu wa kawaida akiona kitu anahitaji milisekunde 200 hadi 250 kubonyeza, yaani fremu 12 hadi 15. Ukumbini hapa mtu ana nafasi ya kutosha: anaiona, anaijibu kwa ya kwake, anashinda mgongano. Kwenye mtandao wa milisekunde 150, nusu ya muda huo ni wa taarifa kukufikia, fremu nne au tano zimekwenda. Umebaki na 21. Ongeza televisheni ya sebuleni ambayo haijawekwa kwenye hali ya gemu, inayosafisha picha kabla ya kuionyesha: ikichelewesha milisekunde 100, fremu sita nyingine zimekwenda. Umebaki na 15. Hapo hakuna tena kuona na kujibu, kuna kubahatisha.

Ubahatishaji huo ukishakuwa tabia hautoki kirahisi. Mchezaji wa nyumbani anazoea kuruka ovyo kwa sababu mtandaoni hapigwi angani. Anarusha mapigo marefu yanayokosa, kwa sababu mpinzani wa mbali hawahi kuliadhibu pigo lililokosa kabla mkono haujarudi. Anapanda daraja, anajiona, halafu siku ya mashindano ya ana kwa ana anapigwa na kila anachokiamini. Anasema ameonewa, au padi ilikuwa mbovu. Padi haikuwa na kosa.

Najua mnavyosema. "Huyu ameenda Japani amejisahau." "Mlete huku kwenye mgao wa umeme tumwone." Ndugu zangu, sijaja kuwadharau. Ninaandika kwa sababu naona vipaji vya nyumbani vikikaa miaka vinangoja vitu viwili ambavyo havitawasaidia: mdhamini na seva. Hiyo ya seva naisikia kila mahali, kwamba kampuni zikiweka seva karibu na sisi mambo yatanyooka. Gemu nyingi za kupigana zikishawakutanisha wachezaji, mechi inakwenda moja kwa moja kati ya mashine mbili. Seva hata ikiwa jirani yako, kama mpinzani yuko Ufaransa, waya ni uleule. Seva muhimu kwako ni binadamu mkali aliye mji uleule na wewe.

Na msiniambie haiwezekani bila utajiri, maana Pakistani wameshalijibu hilo. Februari 2019 Arslan Ash alifika Fukuoka kwa Evo Japan baada ya safari yenye mikwamo ya viza na ndege, mtu ambaye wengi ukumbini hawakuwa wamemsikia, akachukua ubingwa wa Tekken 7, gemu nyingine ya kupigana. Miezi michache baadaye akachukua Evo yenyewe Las Vegas, fainali akikutana na Knee wa Korea. Akasema nyumbani kwao wapo wengine wa kiwango chake. Watu wakadhani ni maneno ya mshindi, mpaka Knee mwenyewe akapanda ndege kwenda Pakistani kupimana nao, akakuta ni kweli. Umeme wao unakatika. Pasipoti yao inasumbua kwenye balozi kuliko hata za kwetu. Walikuwa na chumba chenye watu wakali wanaokutana kila mara, na chumba hicho kikamtoa bingwa wa dunia. Arslan ameendelea kuichukua Evo, 2023, 2024 na 2025.

Ndiyo maana nachukia tunapojidharau. Mchezaji wa kwetu aliyejifunza Tekken kwenye padi yenye kitufe kimoja kinachokwama ana moyo ambao sijauona kwa watoto wengi wa huku. Haogopi jina la mtu. Akipewa mwezi mmoja wa wapinzani wa kweli anabadilika mbele ya macho yako. Kisha namkumbuka mtu huyohuyo akificha kombo yake, yaani mfululizo wake wa mapigo, kwa mwaka mzima ili abaki mfalme wa kibanda kimoja. Unamficha nani? Marudio ya mechi za mabingwa wa Street Fighter 6 yako wazi ndani ya gemu, na unaona mpaka vitufe walivyobonyeza. Tekken 8 inakuruhusu kusimamisha marudio ya mechi yako na kushika mchezaji wako palepale ulipokosea ujaribu jibu lingine. Kombo haina siri siku hizi. Wenzako wakikaa dhaifu, wewe ndiye unayekosa wa kukunoa.

Haya, chumba chenyewe. Hakihitaji ukumbi mkubwa. Kwa mashindano ambayo mtu hatoki mpaka afungwe mara mbili, wachezaji 32 wanatoa mechi 62, au 63 fainali ikirudiwa. Mechi ya kufikisha ushindi mara mbili, pamoja na kuchomeka padi na kupanga vitufe, ipe dakika nane. Ukiwa na skrini nne ni kama saa mbili na dakika tano kwa hesabu ya karatasi, lakini mwishoni mechi zinasubiriana na skrini mbili zinakaa bure, na nane bora hucheza kufikisha ushindi mara tatu, kwa hiyo panga saa tatu na nusu. Mtu asipofika dakika kumi baada ya kuitwa, mechi ya kwanza imekwenda. Akizidisha, ametoka. Bila kumwonea aibu bingwa, bila kumsubiri rafiki. Mashindano yaliyotangazwa saa nane yakianza saa kumi na mbili, wakali wanaotoka mbali hawarudi mara ya pili, na chumba kinabaki cha marafiki watano.

Televisheni zote ziwekwe kwenye hali ya gemu, na ziwe za aina moja kama inawezekana, kwa sababu mtu anayehama kutoka skrini ya haraka kwenda ya polepole anapoteza kombo zake katikati ya mashindano. Padi zote zitumie waya, na waya peke yake hautoshi: kwenye PS5 ingia mipangilio ya vifaa vya kuchezea, chagua njia ya mawasiliano iwe ya waya wa USB. Usipofanya hivyo, padi iliyowahi kuunganishwa na mashine hiyo itajiwasha ndani ya begi la mtu aliyekaa nyuma, gemu itasimama katikati ya raundi, na ugomvi utaanza. Kanuni ya kawaida ni kwamba aliyesimamisha gemu anapoteza raundi. Wenye vibao vya vitufe vitupu, visivyo na kijiti cha kuelekezea, wahakikishe kushoto na kulia vikibonyezwa pamoja havitoi mwelekeo wowote. Capcom, kampuni ya Street Fighter, waliweka sharti hilo kwenye mashindano yao tangu 2023, na mtu aliyezoea tofauti anaumbuka akifika nje.

Kisha, siku isiyo ya mashindano, chezeni seti ndefu. Mfumo wa mshindi anabaki unafundisha kushinda raundi moja kwa mbinu moja ya kushtukiza. Ukicheza na mtu mmoja mpaka afikishe ushindi kumi, kama Daigo na Mjapani mwenzake Tokido walivyofanya Machi 2018 mbele ya umati, mbinu ya kushtukiza inakufa mechi ya tatu na inabidi uanze kufikiri. Huko ndiko kazi hii inakofundishwa.

Kuhusu pesa nitasema machache, maana ndiyo inayopotosha vijana. Ni kweli UMA wa Taiwan alilipwa dola milioni moja kwa kushinda Street Fighter 6 kwenye Capcom Cup ya Februari 2024, na Kakeru akapata kiasi hichohicho hapa Tokyo Machi 2025. Xiaohai wa China aliondoka na dola 300,000 kwenye Esports World Cup ya Riyadh 2024. Lakini Evo 2023 Street Fighter 6 iliingiza watu zaidi ya 7,000 na bingwa akawa mmoja, AngryBird wa Falme za Kiarabu. Mchezaji wa kulipwa anakula kwa mshahara wa timu, ligi, matangazo mubashara na kufundisha wengine. Zawadi ni ya juu ya hayo. Wala Japani si peponi. Momochi, bingwa mkubwa, alikataa leseni ya uchezaji iliyoanzishwa 2018, na mwaka uliofuata akashinda mashindano Tokyo Game Show akapewa sehemu ndogo sana ya zawadi iliyotangazwa, kwa sababu hakuwa na leseni hiyo. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba naabudu kila kitu cha huku.

Mwingine atasema: hata tukiwa wakali, viza itatukwamisha. Mara nyingi, ndiyo, na inaumiza. Lakini jiulize unapeleka nini dirishani. Barua ya mwaliko ya waandaaji inapatikana ukiandika mapema, miezi mitatu au minne kabla. Kinachotukosesha nguvu ni kwamba mashindano yetu hayaachi alama. Bingwa anatangazwa kwa picha ya simu, hakuna orodha ya waliocheza, hakuna nani alimfunga nani, hakuna tarehe. Kuweka mtoano kwenye start.gg, tovuti ya kuendeshea mashindano, ni kazi ya nusu saa: jina la mashindano, gemu, wachezaji, matokeo yanaingizwa mechi ikiisha. Baada ya mwaka mchezaji ana ukurasa wenye jina lake na kila aliyemfunga. Mdhamini anausoma, mwandaaji wa nje anausoma, na afisa wa viza naye anaweza kuusoma. Anayepanga mashindano wiki hii na akaacha kuingiza matokeo, amemnyima mchezaji wake ushahidi pekee alionao kwamba hii ni kazi yake.