Dakika Moja ya Trafiki, Kumi na Mbili Zangu

Kilomita ya 14 ya nusu marathoni, saa moja na robo asubuhi, jua limeshaanza kuchoma. Nilikuwa nakwenda dakika 5 na sekunde 35 kwa kilomita, mwendo niliouhangaikia miezi minne, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa naelekea kumaliza chini ya saa mbili. Tukafika njiapanda. Trafiki akanyoosha mkono kutuzuia sisi, akayaruhusu magari: malori mawili, daladala, na msururu wa bodaboda usioisha.

"Subirini kidogo jamani," akasema, kana kwamba tumepanga foleni benki.

Tulisimama kama dakika moja. Nilimtukana kimoyomoyo, na machache yakanitoka kwa sauti. Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja mwenye fulana ya klabu ya jogging iliyopauka, anachezesha miguu taratibu palepale aliposimama. "Tulia mwanangu," akaniambia, "njia bado ndefu." Sikumjibu. Mkono wa trafiki uliposhuka niliondoka kama mwizi aliyepigiwa yowe.

Kilomita ya 15 niliikata kwa dakika 4 na sekunde 50. Ya 16, dakika 4 na sekunde 55. Nikajiona simba. Ya 17, kigimbi cha kushoto kikakaza kama jiwe na nikaanza kutembea. Kilomita ya 19 yule mzee akanipita kwa mwendo wake uleule. "Pole, mwanangu." Hakuongeza neno. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 11.

Wiki nzima nilimsimulia kila mtu jinsi trafiki alivyoniharibia mbio. Kisha siku moja nikachukua karatasi nikapiga hesabu, na hesabu ikanisuta. Dakika moja niliyosimamishwa, ukiigawa kwa kilomita saba zilizobaki, ni kama sekunde nane na nusu kila kilomita. Mimi nililipa sekunde 45 katika kilomita ya 15 na 40 katika ya 16. Yaani kufika kilomita ya 16 deni lilikuwa limeisha na chenji ya sekunde 25 imebaki! Na ubaya zaidi, halikuwa deni la lazima. Ningeendelea na mwendo wangu wa kawaida, pamoja na kusimama kote kule, ningemaliza kwa saa 1, dakika 58 na ushei.

Ndiyo maana siku hizi nabishana na wenzangu wa mazoezini wanaposema mbio "ziliharibiwa" na mbwa, na bajaji, na meza ya maji iliyokauka. Mara nyingi kinachoua mbio ni zile dakika kumi zinazofuata, pale mtu anapotaka kulipwa chake papo hapo. Mwili nao unakudanganya. Ukishtuka au ukikasirika, adrenalini inapanda, maumivu yanajificha, mwendo wa wazimu unauona wa kawaida. Wakati huo sukari uliyoiweka akiba kwenye misuli inateketea, na hakuna taa inayowaka kukuonya.

Na hili halitupati sisi wa nyuma tu. Agosti 2017, London, fainali ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Mkenya Beatrice Chepkoech alisahau kukata kona ya kwenda kwenye dimbwi. Akashtuka, akageuka, akarudi kuruka, huku kundi limeshamwacha. Alichofanya baada ya hapo kinasisimua hadi leo: aliwafukuza mpaka akawafikia wa mbele. Lakini alimaliza wa nne, medali zikaenda kwa wengine. Naamini, na hii ni imani yangu tu, kwamba zile mbio za kuwafikia ndizo zilizomgharimu kuliko kona yenyewe. Mwaka uliofuata, kule Monaco, mwanamke huyohuyo aliweka rekodi ya dunia ya dakika 8:44.32. Nguvu hazikuwa tatizo.

Mfano wa upande wa pili ni Mkenya Eliud Kipchoge, marathoni ya Berlin 2015. Soli za ndani za viatu vyake zilichomoka mapema, zikawa zinapepea kwenye vifundo vya miguu kama masikio ya mbuzi. Hakusimama kuzitoa, na wala hakuongeza mwendo kwa hasira. Alishinda kwa saa 2:04:00, mguu ukiwa na malengelenge na damu. Kwangu mimi ushindi ule unazidi baadhi ya rekodi zake, ingawa najua hapo nitapata wapinzani.

Kuna kesi moja inayonipa shida. Vanderlei de Lima wa Brazili, marathoni ya Olimpiki ya Athens, 29 Agosti 2004. Alikuwa anaongoza, amepita kilomita ya 35, mara mtu aliyejivika sketi nyekundu akatoka pembeni akamsukumia kwenye watazamaji. Mtazamaji mmoja Mgiriki akasaidia kumnasua. De Lima alimaliza wa tatu, sekunde 76 nyuma ya Stefano Baldini wa Italia. Kule kushikwa hakukufika sekunde 76. Je, nimwambie na yeye kwamba zilizobaki alizipoteza mwenyewe? Siwezi. Trafiki kunyoosha mkono ni kitu kimoja. Kukamatwa na mtu usiyejua ana nini mkononi ni kitu kingine kabisa. Hofu ile haipimwi kwa saa. Na Baldini alikuwa tayari anapunguza pengo, kwa hiyo nani angeshinda hatutajua kamwe. Ninachokumbuka ni kwamba aliingia uwanjani amenyoosha mikono kama ndege, anacheka.

Sisi Watanzania katika maongezi kama haya lazima mtu amtaje John Stephen Akhwari, aliyeanguka kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968 akamaliza wa mwisho, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Ni haki yake. Ila nina kinyongo kidogo na jinsi waandaaji wanavyoupenda uvumilivu wa wakimbiaji. Ukilalamika kwamba barabara haikufungwa, unaambiwa mkimbiaji wa kweli havunjiki moyo. Sawa, lakini njia nani aifunge? Kwenye marathoni ya Venice mwaka 2017 pikipiki ya kuongoza njia iliwapoteza wakimbiaji wa mbele, na waliporudi Muitalia Eyob Faniel alishapita na kwenda kushinda. Pale somo la uvumilivu wangepewa waliopanga pikipiki kwanza.

Mwezi uliopita, kwenye mbio ndogo za kilomita 10, mkokoteni wa maji ulikatiza mbele yetu nikalazimika kusimama. Nilivuta pumzi kumi, nikatazama saa, nikaanza tena polepole. Kijana mmoja aliyesimama na mimi alichomoka kama risasi, akigomba. Nilitamani kumwambia kitu, lakini alishafika mbali.

Nimeshajiandikisha tena kwa ile nusu marathoni. Wametoa ramani: njia ni ileile, na njiapanda ya kilomita ya 14 bado ipo.