Wastadi 288 na kura ya Yusufu

Kijana mmoja tuliyekuwa naye katika timu ya sifa alikuwa na daftari. Kila wimbo aliuandikia sauti ya kuanzia, beti zitakazoimbwa, na mahali ambapo vyombo vitanyamaza ili waumini wajisikie wenyewe wakiimba. Siku alipoomba mazoezi yawe mara mbili kwa wiki badala ya mara moja, mzee mmoja akamwambia mbele yetu sote: "Mwanangu, jihadhari, unajitafutia jina." Kijana akafunga daftari. Sikuliona tena, na wala sikumtetea.

Simdharau mzee yule. Hofu yake ina msingi. Waraka wa tatu wa Yohana unamtaja Diotrefe, aliyependa kuwa wa kwanza, na kila aliyewahi kuhudumu katika sifa amekutana na Diotrefe wake: hung'ang'ania maiki, hununa akipangiwa kuitikia, hurudia pambio mpaka apigiwe makofi. Augustino naye, askofu wa kanisa la kale, katika kitabu chake Maungamo, alikiri kwamba anatenda dhambi pale sauti ya mwimbaji inapomgusa kuliko maneno yanayoimbwa. Ikiwa msikilizaji hunaswa hivyo, mwimbaji mwenyewe atakuwa salama kiasi gani?

Lakini hofu hiyo imetufikisha pabaya, kwa sababu sasa kutojiandaa kunaitwa unyenyekevu. Mtu anapanda madhabahuni hajui wimbo utaanzia wapi, anasema, "Mimi si mwimbaji, Roho ataongoza," kisha anauanza juu mno. Simama pembeni uwatazame waumini. Wakifika kwenye kiitikio, akina baba wananyamaza kwanza. Akina mama wanajikaza kidogo, nao wanaacha. Anabaki yeye peke yake, shingo imemsimama mishipa. Aliyesema hataki kuonekana ndiye pekee anayesikika, na kanisa zima limenyang'anywa wimbo wake.

Lugha nayo inatubana. Tukitaka kumtaja mtu mwenye shauku ya kufika mbali, neno linalokuja haraka ni "tamaa ya makuu", na tamaa kwetu huhukumiwa kabla haijajitetea. Hata hivyo Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mtu akitaka kazi ya askofu, atamani kazi njema. Anakubali kwamba mtu anaweza kuitamani huduma bila kosa, halafu ndipo anaorodhesha sifa za kumpima.

Sehemu ninayoirudia kila mara ni Mambo ya Nyakati wa Kwanza. Sura ya 23 inataja Walawi 4,000 wa kumsifu Bwana kwa vinanda. Sura ya 25 inatupa hesabu nyingine: waliofundishwa kumwimbia Bwana, wote wastadi, walikuwa 288, yaani makundi 24 ya watu 12. Ukizilinganisha hesabu hizo mbili, ni kama saba katika kila mia. Fikiria maana yake. Huwezi kuandika kwamba hawa ni wastadi kama hukuwasikiliza, na ukiwasikiliza utajua pia ni nani bado. Kulikuwa na kufundisha, kulikuwa na kupima, na mwandishi hakuona aibu kuiandika idadi.

Aya inayofuata ndiyo ambayo mahubiri mengi huiruka. Baada ya kuhesabiwa, wastadi hao walipigiwa kura za zamu, za bahati nasibu wala si za kuchagua mtu, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu sawasawa na mwanafunzi. Katika wana wa Asafu, mmoja wa viongozi wa waimbaji wa Daudi, Zakuri ndiye anayetajwa kwanza. Kura ya kwanza ikamwangukia ndugu yake Yusufu. Zakuri akapata ya tatu. Ustadi wake haukupungua hata chembe. Kilichoondolewa mikononi mwake ni nafasi tu. Hapo naona shauku mbili ambazo mzee wetu alizichanganya: shauku ya kazi, ambayo ilidaiwa kwa kila mmoja wa wale 288, na shauku ya kiti, ambayo kura iliinyima nafasi.

Bach, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, aliiandikia sehemu ya kazi zake herufi S.D.G., kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya utukufu kwa Mungu peke yake. Huyohuyo, mwaka 1730, aliliandikia baraza la mji wa Leipzig akilalamika kwamba kati ya wanafunzi wake 54, 17 wanafaa kwa muziki wa kanisa, 20 bado, na 17 hawafai kabisa. Sidhani kama mkono ulioandika malalamiko uliuasi ule ulioandika S.D.G.

Ipo hoja moja inayonisumbua. Kipimo cha ustadi kinaweza kumfungia nje mama mwenye sauti ya kukwaruza ambaye, akiomba, kanisa zima linatulia. Sina jibu linaloniridhisha, ila naona kwamba wale 4,000 hawakuachishwa kazi kwa sababu ya wale 288. Na mama huyo hasaidiwi na kiongozi aliyeanza wimbo juu mno, mahali ambapo sauti ya mama haifiki.

Laiti mzee wetu angemjibu kijana: mazoezi mara mbili, sawa, lakini nani aongoze Jumapili tutapigia kura. Kijana angekuja kwenye mazoezi ya pili au asingekuja, na tungejua alikuwa anatafuta nini.