Kusini Nasi Tuhesabiwe

Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kwa kawaida, saa mbili na nusu asubuhi, serikali ya Marekani hutangaza ajira zimeongezeka kiasi gani na wangapi hawana kazi. Hapa New Jersey ninapofanya kazi ghalani, wapakiaji huacha soga wakasikiliza redio. Mimi hufurahi, kisha nikakereka, maana akili inakimbilia Mtwara.

Kwetu utafiti wa nguvu kazi ulifanyika 2014, ukafuata wa 2020/21. Hebu kumbukeni yaliyopita hapo katikati. Mwaka 2014 mji ulikuwa bado umejaa wageni wa gesi, vyumba Shangani havikamatiki, vijana wanajifunza kuchomelea wakisubiri kuitwa. Bei ya mafuta duniani ikaporomoka, bomba likafika Dar es Salaam, wageni wakafungasha. Dangote akafungua kiwanda cha saruji. Halafu 2018 ikaja ile ya korosho, serikali ilipoingilia ununuzi na kutuma jeshi, sina haja ya kuwasimulia zaidi. Nani alipata kazi, nani alirudi kupalilia mikorosho ya baba yake, nani alipanda basi kwenda kutembeza bidhaa Kariakoo? Hesabu mbili zilizopishana miaka sita haziwezi kuyajibu hayo.

Najua mtaanza: "Huyu kashiba ya Wazungu, sasa anatufundisha." Mwingine atasema takwimu haziliwi. Siringi, ndugu zangu. Dada yangu anabangua korosho Masasi, analipwa kwa kilo, na ninataka kazi yake ihesabiwe kama yangu inavyohesabiwa. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja katika wiki anayoulizwa, ana ajira. Sasa mwulize mtu wa Newala mwezi Oktoba: anaokota, anaanika, anabeba magunia kupeleka AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Mwulize tena Machi. Mtu yuleyule, majibu mawili, na yote ya kweli. Watu wa Kusini tunafanya kazi mpaka mikono inababuka kwa mafuta ya ganda la korosho, na nimechoka kusikia tukiitwa wavivu na watu wasio na namba hata moja mkononi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi wenyewe hatuna namba ya kuwajibu.

Msiniambie ni gharama; kuna waliofanya hesabu ya namna hii zaidi kwa simu. Aprili 1992 jimbo hili la New Jersey lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, na wengi walitabiri ajira zitapungua. David Card na Alan Krueger, wakati huo wachumi wa Chuo Kikuu cha Princeton, wakafuatilia migahawa 410 ya baga na kuku, ya hapa na ya jimbo jirani la Pennsylvania, kabla na baada, sehemu kubwa kwa simu. Ajira hazikupungua. Wachumi wanabishana hadi leo, lakini wanabishania namba. Card alipata Nobeli 2021.

Simu tunazo. Majina ya wakulima yako AMCOS. Chuo chochote cha Kusini kinaweza kuchukua kata chache za Tandahimba, Masasi na Lindi, kikauliza Oktoba, kikarudi Machi kwa watu walewale, mwaka hadi mwaka. Kianze sasa, kabla mradi wa LNG, yaani gesi asilia inayogeuzwa kimiminika, wa Likong'o kule Lindi haujachimba msingi, ili safari hii tujue ajira zilizokuja ni ngapi na zilikwenda kwa nani.