Hati za kale kwenye hifadhi ya wingu: nani ashike ufunguo?

Katika miji ya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Unguja, wapo watu wanaopiga picha hati za kale za familia na misikiti, wanaorekodi tenzi na nyimbo, na kuandika maelezo ya kila kipande kwenye kompyuta moja wanayoitumia kwa zamu. Kazi ikishapevuka huzuka swali lile lile: je, mkusanyiko huo upakiwe kwenye hifadhi ya wingu, yaani kwenye seva za kampuni iliyo ng'ambo, au ubaki nyumbani kwenye diski? Kwa maoni yangu, swali hilo limeulizwa nusu. Lililo zito zaidi ni nani atakayeshika ufunguo baada ya kupakia.

Wanaotaka kupakia wana hoja yenye nguvu. Diski iliyoviringishwa kitambaa na kufungiwa kabatini huliwa polepole na hewa ya chumvi, na siku inapogoma kusoma, huwa imegoma na kazi ya miaka. Tarehe 18 Aprili 2021, moto ulioanzia kwenye miteremko ya Mlima wa Meza uliteketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, ukala sehemu kubwa ya vitabu vya masomo ya Afrika. Ikiwa chuo kikubwa kama kile kiliunguliwa hivyo, kabati la nyumbani lina kinga gani?

Hata hivyo, kupakia kuna hesabu yake, na wengi huikuta wakiwa katikati ya kazi. Ukurasa mmoja wa A4 uliopigwa skani ya rangi kwa doti 600 kwa kila inchi, bila kubanwa, huchukua takriban megabaiti 100. Hati ya kurasa 200 basi hufika gigabaiti 20, ilhali akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, barua pepe zikiwemo. Kwa laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, hati hiyo moja hutaka takriban saa tisa, mradi umeme usikatike. Ndiyo maana watu huzibana picha mpaka zikawa hafifu, wakazipakia hizo, kisha wakafuta zile kubwa ili diski ipate nafasi. Kwangu mimi hapo ndipo penye hasara isiyofidika, kwa sababu kinachopotea kwanza ni maelezo ya pambizoni, yale yaliyoandikwa kwa wino uliofifia na mkono wa msomaji wa zamani, na mara nyingi ndiyo yanayotueleza hati ilisomwa na nani na wapi.

Tena wingu lenyewe ni majengo na mashine. Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud kiliungua mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wasiokuwa na nakala nyingine walipoteza kila kitu. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilizopigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi mingi. Jambo la kushukuru ni kwamba mpango huo una sharti la kuacha hati asili katika nchi zilikotoka.

Kuna pia heshima ya yaliyomo. Nyimbo za unyago huimbwa na wanawake mbele ya wanawake, na aliyekubali kurekodiwa na binti wa mtaani kwake hakukubali kusikilizwa na dunia nzima. Anayesema elimu isifichwe ana haki yake, maana hati iliyofungiwa isisomwe hadi mchwa waimalize haimfai yeyote. Lakini mila yetu ina kipimo cha jambo hili. Vitabu vingi vya zamani vya pwani viliwekwa wakfu: haviuzwi wala kurithiwa, na yupo msimamizi anayejulikana, anayeulizwa. Mkusanyiko wa kidijitali unastahili msimamizi wa namna hiyo, mwenye mamlaka ya kuamua kipande kwa kipande kipi kiwe wazi na kipi kisikilizwe kwa idhini.

Kwa hiyo naunga mkono kupakia, ila nakala ya wingu iwe ya tatu, baada ya diski mbili zinazokaa nyumba mbalimbali na kufunguliwa kila baada ya miezi michache kuona kama zinasoma. Akaunti isiwe ya kijana mmoja ambaye kesho atapata kazi Uarabuni akaondoka na nywila. Iwe kwa jina la kikundi, na nywila iandikwe kwenye karatasi mbili: moja ishikwe na katibu, nyingine itiwe katika sanduku lile lile linalohifadhi hati zenyewe.