Kurejeleza karatasi kunaokoa mti gani?

Asubuhi Kariakoo, maduka yakishafunguliwa, maboksi matupu hurundikana mlangoni. Kijana wa guta huyakanyaga mpaka yalale, huyafunga kamba na kuyasukuma hadi kwa mnunuzi. Mnunuzi haweki mzigo kwenye mizani kabla hajachomeka mkono katikati ya fungu. Anatafuta unyevu, maana boksi lililomwagiwa maji lina uzito wa uongo. Mzigo ukipita mtihani huo, safari yake ni kiwandani, kusagwa kuwa rojo na kutoka karatasi nyingine.

Kwa lugha ya kampeni za mazingira, kijana huyo ameokoa mti. Wachumi wa misitu wana mashaka na kauli hiyo, na mashaka yao hayakuanza leo.

Mwaka 1849 mtaalamu wa misitu wa Kijerumani, Martin Faustmann, alitafuta namna ya kuthamini ardhi inayopandwa miti. Hesabu yake ilijibu swali ambalo kila mwenye shamba la miti hujiuliza: nikate lini? Kungoja kuna gharama mbili. Fedha ambayo mti ungeleta leo haizai popote, na ardhi inayokaliwa na mti huu haiwezi kuanza kukuza mwingine. Mwaka 1976 Paul Samuelson, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 1970, aliandika makala akionyesha kwamba Faustmann alikuwa sahihi, na kwamba wachumi wakubwa waliomfuata walikosea kwa kuisahau ile gharama ya ardhi. Wataalamu wa misitu nao aliwasema kwa kutaka mti ungojwe hadi utoe ujazo mkubwa kabisa wa mbao, kana kwamba riba haipo.

Ukikubali kwamba mti wa kupandwa ni zao, yanayofuata yanakera lakini hayakwepeki. Watu wakipunguza kula ugali, mashamba ya mahindi hayaongezeki. Vivyo hivyo karatasi ya zamani ikichukua nafasi ya mpya, bei ya magogo hulegea, na anayepanda miti kwa ajili ya kiwanda hupunguza kupanda. Kwa hesabu hii, boksi la Kariakoo huenda limepunguza miti badala ya kuiokoa.

Hoja hii naielewa vizuri nikifikiria wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa. Pale lipo shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali ya Tanzania, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kimejengwa wilaya hiyohiyo kwa sababu paini ziko jirani. Kuzunguka hapo, hadi Njombe, wanakijiji nao wana vishamba vyao. Paini ya mbao nzuri hutaka kama miaka 18 hadi 25. Lakini Januari ikifika, mtoto anatakiwa shuleni na godoro, ndoo, sare na madaftari, na mwenye dingdong, ile mashine ndogo ya kupasua mbao, amesimama uani na noti mkononi. Miti ya miaka tisa inauzwa ikiwa imesimama. Mtaalamu atasema mkulima kaharibu mali. Faustmann angemtetea: kwa mtu ambaye mkopo wa mtaani humla riba ya kutisha, kungoja miaka kumi zaidi ni anasa. Na bei ikilegea sana, shamba hilohilo litageuzwa la parachichi. Mti unaokosa soko hauna wa kuulinda.

Hapo wachumi wamenishika. Wananiachia pale wanapoichukulia miti yote kuwa zao.

Mwaka uleule wa 1976, katika jarida lilelile alimoandika Samuelson, mchumi Richard Hartman alichapisha makala fupi yenye swali moja: je, kama msitu una thamani ukiwa umesimama? Ukiingiza kwenye hesabu maji, wanyama na kivuli, umri wa kukata husogea mbele, na wakati mwingine jibu huwa usikate kabisa. Kenya wamelipitia hilo bila kutaja jina la mchumi yeyote. Zuio la kukata miti katika misitu ya umma liliwekwa mwaka 2018. Julai 2023 Rais Ruto alilitengua akisema miti iliyokomaa inaozea msituni, na suala likaishia mahakamani. Upande mmoja ulikuwa ukipiga hesabu ya Faustmann, mwingine ya Hartman.

Lakini hata Hartman haliokoi bango la kampeni, kwa sababu msitu wa asili wa kwetu hauliwi na karatasi. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, linakadiria kwamba karibu asilimia 90 ya miti inayovunwa Afrika huishia kuwa kuni na mkaa. Miombo ya Kilosa au Handeni haijui daftari ni nini. Inajua tanuri la mkaa na shamba jipya la mahindi. Urejelezaji una faida za kweli: dampo la Pugu Kinyamwezi hupungukiwa na mzigo, karatasi haizikwi dampo ikaoza na kutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia, kiwanda hutumia maji na nishati kidogo kuliko kinachoanza na gogo, na kijana wa guta analipwa. Mimi ningeitetea kazi hii kwa hayo tu, mti nikauacha kando.

Tena viwanda vyenyewe haviwezi kuishi kwa maboksi ya zamani pekee. Nyuzi za karatasi hufupika kila zinaposagwa, na baada ya mara tano hadi saba hazishikani tena. Boksi imara linahitaji nyuzi ndefu za paini mpya, kwa hiyo Mufindi na Kariakoo zinahitajiana kuliko zinavyoshindana.

Halafu lile boksi lenyewe, lile la juu kabisa kwenye guta, lilikuja na friji kutoka China. China nayo kwa miaka mingi ilinunua karatasi chakavu za Marekani na Ulaya kutengenezea maboksi, mpaka ilipozuia kuingiza taka kuanzia Januari 2021. Mti uliozaa nyuzi zile huenda ulikatwa Canada, au Finland, na shina lake limeshapandiwa mwingine. Mnunuzi anachomoa mkono, fungu ni kavu, anaandika kilo.